Aliyezoea theluji akashindwa na Julai ya Nairobi

Mwishoni mwa Mei alinijia mwanafunzi ambaye kocha yeyote angempokea kwa mikono miwili. Muuguzi, umri miaka 38, ameishi Minneapolis kule Marekani kwa miaka saba, na mitatu ya mwisho amekuwa akishiriki triathloni: unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia kwa mbio, yote kwa mfululizo. Alikuwa amekuja nyumbani South B, Nairobi, kwa miezi saba kusimamia nyumba za kupangisha ambazo mama yake anajenga, na alitaka kushiriki shindano la pwani mwanzoni mwa Novemba. Kilomita 1.5 baharini, 40 kwa baiskeli, 10 kwa miguu. Hapa nitamwita Sista, kama wagonjwa wake wanavyomwita.

Nakiandika kisa chake kwa sababu nilikosea mara mbili, na makosa yote mawili yalizaliwa na dhana moja: kwamba mtu aliyetoka kwenye theluji amezoea baridi.

Nieleze kwanza alikotoka. Januari ya Minneapolis wastani wake ni kama digrii 9 chini ya sifuri. Desemba jua linachwea mnamo saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo mtu akitoka zamu ya mchana anakuta giza. Barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula mnyororo wa baiskeli kama mchwa anavyokula boriti. Ndiyo sababu wanatriathloni wengi wa huko huingiza baiskeli ndani Novemba na kuitoa tena Machi au Aprili. Wanaifunga kwenye trena, ile mashine inayobana sehemu ya nyuma ili upige pedali bila kwenda popote, na saa nzima inapita wakitazama ukuta. Kuogelea ni kwenye mabwawa ya ndani. Mbio, Sista alikuwa akikimbia nje mpaka digrii 10 chini ya sifuri, viatu vikiwa na meno ya chuma na mwili una tabaka tatu za nguo. Baridi ikizidi hapo, anahamia kwenye korido za uwanja mkubwa wenye paa ambao hufunguliwa wakimbiaji jioni fulani za majira hayo.

Niliposoma rekodi zake za Januari na Februari nilivutiwa. Huyu, nikajiambia, kipupwe chetu atakiona kama kiyoyozi tu.

Kwa wasioijua Nairobi ya Juni hadi Agosti: si baridi ya kuua. Alfajiri ya Julai kipimajoto husoma digrii 11 au 12, mchana 21 au 22. Lakini wingu linakaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria, siku tatu nne jua halionekani, na asubuhi kuna manyunyu yale yasiyostahili mwavuli ila ukitembea dakika ishirini umelowa. Hayo yote nilikuwa nayajua, nimezaliwa humu. Sikuyahesabu tu.

Ratiba niliyompa ilikuwa hivi. Kuogelea mara tatu kwa wiki, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye bwawa la wazi upande wa Lang'ata. Baiskeli nje, zikiwemo safari za Jumamosi kupanda Limuru. Mbio ndani ya msitu wa Karura. Ile trena aliyoisafirisha kutoka Marekani, tena kwa kulipia mzigo wa ziada kwenye ndege, nikamwambia aiweke stoo. "Hiyo ni ya watu wa theluji," nilisema. "Sisi huku tuna barabara." Glavu zake nene nazo nilizitania. Nilimwambia atachekwa na vijana wa klabu.

Siku ya kwanza bwawani aliogelea mita 300 akatoka. Alikuwa anahema kama aliyekimbia ngazi za KICC, midomo imebadilika rangi, na saa yake ya mkononi ilionyesha mapigo 171 kwa dakika ilhali kasi yenyewe ilikuwa ya kupasha misuli tu. Siku ya pili, mita 400. Siku ya tatu misuli ya shavu la mguu ilimkaza katikati ya bwawa, ikabidi nimtupie boya.

Jibu langu la kwanza lilikuwa mwinuko. Minneapolis iko mita 260 hivi juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu mita 1,700, ambako kila pumzi unapata oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Ni jibu zuri, na lina ukweli ndani yake. Ubaya wake ni kwamba linaeleza kila kitu, na kocha mvivu akishapata jibu la namna hiyo haulizi tena. Nikamwambia avumilie wiki tatu mwili uzoee. Nilimpeleka pia akapime damu kuona akiba ya madini ya chuma, maana mwili unapotengeneza chembe nyekundu zaidi huyahitaji sana. Akiba ilikuwa sawa.

Wiki tatu zilipita. Kwenye Karura alikuwa anakimbia vizuri, anapanda ile miteremko ya kuelekea mto bila shida. Bwawani bado alikuwa anahema. Mwinuko hauchagui hivyo. Ungekuwa ndio chanzo, angehema msituni vilevile.

Halafu ikaja Jumamosi ya mwisho wa Juni.

Tulipanda Limuru watu sita. Kupanda ni raha hata kwenye manyunyu, kwa sababu mwili unajitengenezea joto. Tukafika juu, zaidi ya mita 2,100, ukungu mzito, mashamba ya chai huoni hata safu ya tatu. Tukasimama tukanywa chai kibandani dakika ishirini. Sista alikuwa amelowa jasho kwa ndani na manyunyu kwa nje. Tulipogeuza kushuka, ndani ya dakika tano za upepo wa kasi ya kilomita 40 kwa saa vidole vyake vilikufa ganzi. Alifika kwenye kona akataka kufunga breki, vidole vikakataa. Si kwamba breki zilikuwa mbovu. Mkono ndio haukuwa na nguvu ya kuvuta. Akatoka nje ya lami, akaingia kwenye changarawe, akaanguka upande kwenye nyasi. Aliumia goti na kiwiko, si sana. Nyuma yetu ilikuwa inakuja matatu ya abiria kumi na wanne, na mpaka leo sipendi kuifikiria.

Jioni hiyo mama yake alinipigia simu. "Mwalimu, huyu mtoto alitoka Marekani akiwa mzima. Unataka nimrudishe akiwa na nimonia?" Nilianza kumweleza kwamba nimonia huletwa na vijidudu, si na upepo. Mama akanijibu kwamba hakunipigia kusomeshwa. Alikuwa na haki.

Jumatatu nilikwenda South B kumwona. Sista alikuwa sebuleni amejifunga blanketi, soksi mbili mbili, mafua yamemshika, kikombe cha tangawizi na limau mkononi. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza Mei: kule kwenye theluji, ulikuwa unahisi baridi lini hasa?

Akacheka. "Kocha, huko sihisi baridi. Nyumba iko digrii 21 usiku na mchana. Gari naliwasha nikiwa bado ndani, nikiliingia lina joto. Bwawa ni kama maji ya kuoga. Hospitalini navaa mikono mifupi. Baridi nimekuja kuihisi hapa kwa mama."

Hapo kisa kizima kiligeuka. Nyumba zetu hazina hita. Ukuta wa mawe unakaa baridi wiki nzima, dirisha lina upenyo, na ndani ya nyumba Julai ni digrii 17 au 18 kuanzia unapoamka mpaka unapolala. Mtu wa Minneapolis hukutana na baridi kali kwa dakika anazozipanga mwenyewe, akiwa amevaa kwa ajili yake, kisha anarudi kwenye joto. Mtu wa Nairobi anaishi ndani ya baridi ndogo isiyokwisha. Sista hakuwa amezoea baridi. Alikuwa amezoea hita na nguo nzuri.

Nilinunua kipimajoto cha maji, kitu ambacho kwa miaka yangu yote ya ukocha sikuwa nacho. Bwawa la Lang'ata, saa kumi na mbili asubuhi: digrii 18. Bwawa lake la Minneapolis lilikuwa digrii 27.

Maji hunyang'anya mwili joto takriban mara 25 kuliko hewa. Ukiingia ghafla kwenye maji baridi ngozi hupeleka taarifa, na pumzi hukatika kisha hukimbia, moyo nao unafuata. Mshtuko huo huwa mkali zaidi kwenye maji ya digrii 10 hadi 15, lakini kwa ambaye hajazoea huanza kuonekana hata kwenye maji yasiyo baridi kiasi hicho, na hutulia baada ya dakika mbili tatu ukiupa nafasi. Mimi nilikuwa namwambia aruke na kuanza kuogelea papo hapo, "usipoteze muda." Kwa hiyo mita 100 za kwanza alikuwa anaziogelea ndani ya mshtuko, akimeza maji na hofu, na baada ya hapo misuli ilikuwa imeshapoa.

Barabara ya Limuru ilieleza upande wa pili. Theluji ya digrii 10 chini ya sifuri ni kavu. Inakuangukia begani, unaipangusa, unaendelea. Tabaka la ndani linabaki kavu. Manyunyu ya digrii 11 yanaingia mpaka kwenye fulana. Ujuzi wake wote wa mavazi ulikuwa wa baridi kavu, na kwa bahati mbaya hata huo mdogo ambao ungemsaidia, yaani glavu, nilikuwa nimemwambia auache nyumbani.

Tulichobadilisha bwawani kilikuwa kidogo kuliko mtu anavyoweza kudhani. Kwanza saa. Saa kumi na mbili asubuhi haikuwa saa yake, ilikuwa yangu, kwa sababu saa mbili nina wateja wengine. Mafundi wa ujenzi wanakula saa saba. Akawa anakuja saa saba. Maji yenyewe hayakupata joto zaidi ya digrii moja, lakini hewa ya kutokea ilikuwa tofauti kabisa. Pili, dakika kumi za kuruka kamba ukingoni kabla ya kuingia, kisha anashuka ngazi taratibu, anajimwagia uso na shingo, anashika ukingo na kutoa pumzi ndani ya maji mpaka ile haraka ya kifua itulie. Baada ya mara tano au sita za kuingia hivyo mwili huanza kuzoea, na kwake ilikuwa hivyohivyo: wiki ya pili alikuwa akishika ukingo sekunde thelathini tu, tena kwa mazoea kuliko kwa haja. Tatu, niliacha kumpa mita 400 zikifuatwa na dakika mbili za kusimama. Kusimama ndiko kulikokuwa kunampoza. Nikampa mita 50 na 100 nyingi zenye mapumziko ya sekunde 10 au 15.

Nne, kutoka. Joto la mwili huendelea kushuka dakika kadhaa baada ya kutoka majini, na ndiyo sababu alikuwa akitetemeka zaidi akiwa kwenye benchi kuliko bwawani. Kanuni ikawa nguo kavu kwanza, uji wa moto kutoka kwenye chupa ya chai, maneno ya kocha baadaye. Hiyo ya mwisho ilinigharimu; napenda kuongea mtu akiwa bado anatiririka maji.

Kuna mtu atauliza kwa nini hatukumvisha suti ya mpira ya kuogelea. Alikuwa nayo, aliitumia kwenye maziwa ya Minnesota. Lakini suti hiyo inaelea, inakuinulia nyonga bila wewe kufanya kazi, na bahari aliyokuwa anaiendea huwa na joto la digrii 26 au zaidi mwezi huo. Kanuni za triathloni huwazuia washiriki wa kawaida, wanaoshindana kwa makundi ya umri, kuivaa kwa umbali wa mita 1,500 maji yakizidi digrii 22. Kumzoesha kuelea kwa msaada ambao siku ya shindano hangeruhusiwa kuwa nao, ningekuwa naongeza kosa la tatu.

Mafua yenyewe tuliyapitisha kwa kanuni ya zamani ya makocha: yakiwa puani na kooni, fanya mepesi, yakishuka kifuani au homa ikipanda, lala. Alilala siku nne.

Kuhusu mikono, yeye ndiye aliyenifundisha. Alianza kuvaa glavu za mpira za hospitali, zile nyembamba, chini ya glavu za baiskeli. Maji hayaingii, upepo hauingii, na pakiti nzima ni bei ya sahani ya chipsi. Mimi nikaongeza mbinu ya wazee wa baiskeli: kabla ya kushuka Limuru, nunua gazeti, lifungue, liingize kifuani chini ya jezi. Muuza magazeti pale juu alituzoea, Jumamosi akituona anaandaa nakala sita. Glavu hizo sasa klabu nzima inavaa. Waliotarajiwa kumcheka ndio walioanza kumwomba.

Kufikia katikati ya Agosti alikuwa anaogelea mita 2,000 kwa utulivu. Nikaona kazi imekwisha. Kumbe lile kosa la pili lilikuwa limelala stoo pamoja na ile trena.

Septemba, nikipanga wiki za mwisho, nilirudi kwenye rekodi zake za Januari kutafuta wati, yaani kipimo cha nguvu, alizokuwa akizalisha kwenye baiskeli. Pembeni ya namba alikuwa ameandika maelezo mafupi kwa mkono wake: "taulo mbili", "nimepoteza kilo 1.1", "sakafu imelowa." Chumba cha chini ya nyumba, madirisha yamefungwa kwa sababu ya theluji, hita inaunguruma, feni hana. Sista alikuwa amefanya mazoezi ya joto majira yote ya baridi bila kujua. Na mimi, kwa kuwa Nairobi haina theluji, nilikuwa nimemtoa humo na kumweka miezi mitatu kwenye hewa ya digrii 14, halafu nimpeleke pwani akakimbie kilomita 10 juani kwenye unyevu wa bahari.

Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na hutoka kwa wingi, mapigo ya moyo hushuka kwa kazi ileile. Haya hayapatikani kwa ujasiri. Ndiyo maana watu wa bara tunaoshuka pwani Ijumaa kushindana Jumapili huonekana tukitembea kuanzia kilomita ya nne, tukilaumu chakula cha jana.

Trena ikatoka stoo. Mwezi Oktoba, siku kumi mfululizo, Sista aliifunga kwenye chumba kidogo cha nyuma, dirisha likafungwa, akavaa koti la mvua, akapiga pedali saa moja kwa wati 140 tu. Alijipima uzito kabla na baada. Siku ya kwanza mapigo yake yaliishia 158, siku ya kumi 146, wati zikiwa zilezile. Sharti langu lilikuwa moja: asifanye peke yake. Kizunguzungu, vipele vya baridi kwenye ngozi yenye moto, au kuchanganya maneno, anashuka hapohapo. Mama akajipa kazi hiyo. Alikaa mlangoni kwenye kigoda na jagi la maji, akimuuliza majina ya shangazi zake kila dakika kumi ili ajue kama akili bado iko. Kwa maoni yangu ni kipimo bora kuliko vingi nilivyosomeshwa.

Tulishuka pwani siku sita kabla. Kusi ilikuwa imeshatulia na kaskazi haijaanza, kipindi ambacho wavuvi hukiita matlai, na bahari ilikuwa laini kama mafuta. Aliogelea kwa dakika 36. Baiskeli saa 1 na dakika 24. Mbio saa 1 na dakika 3, ambazo ndani yake alitembea kwenye vituo viwili vya maji kwa makusudi, ili anywe bila kupaliwa. Pamoja na kubadilisha nguo na viatu, saa 3 na dakika 8. Kwenye ziwa la Minnesota, akiwa na suti ya mpira, kuogelea umbali huo kulikuwa kumemchukua dakika 34.

Kuna jambo moja ambalo bado sijaridhika nalo. Mwezi wote wa Juni nilimpotezea kwenye bwawa la digrii 18, na sijui njia ya kumrudishia. Labda angefika pwani na dakika 34 bila suti. Yeye anasema hapana. Mama yake anasema ndiyo, na huniambia kila tukionana.

Anarudi Minneapolis mwezi ujao, nyumba za kupangisha zikiwa zimefika kwenye paa, na ameniomba ratiba ya majira ya theluji. Sijaiandika bado. Nimemtumia maswali matatu kwanza: chumba cha trena kina digrii ngapi, maji ya bwawa digrii ngapi, na kutoka mlango wa bwawa hadi kwenye gari ni hatua ngapi nywele zikiwa bado zimelowa.